Gavana Alipolala Al Mansoura

Hospitalini alikofanya kazi, Doha, wagonjwa na wenzake walimwita Sista Simi, na hakuna aliyemuuliza jina la baba yake. Hilo lilimfaa sana Nasimiyu. Kwao Lukhoma, kaunti ya magharibi mwa Kenya, jina la baba yake lilikuwa limechorwa kwenye magari ya wagonjwa, kwenye ukuta wa soko na hata kwenye magunia ya mbolea. Mtu akisikia "Wafubwa" alimtazama upya kuanzia utosini hadi kwenye viatu. Wengine walitaka awaombee kazi, wengine walitaka wamtukanie baba, lakini wote walianza vilevile: "Kumbe wewe ndiwe binti wa gavana!"

Herbert Wafubwa hakuzaliwa na siasa mdomoni. Alikuwa daktari wa mifugo, mtu wa gambuti na pikipiki, aliyeamshwa alfajiri na watu wenye ng'ombe aliyeshindwa kuzaa. Serikali za kaunti zilipoanza, wafugaji wa vyama vya ushirika walimwendea wakamwambia asimame. Akacheka. Wakarudi, akanyamaza. Siku mkewe Jerusha alipomkuta anajaribu koti mbele ya kioo, alijua mambo yamekwisha, akaenda zake jikoni kuongeza maji kwenye chai.

Alishinda, na kusema haki, miaka yake ya kwanza ilikuwa mizuri. Majosho yaliyoota majani yalifufuliwa. Maziwa yalipata mahali pa kupozwa badala ya kumwagwa mtaroni. Barabara ya kwenda hospitali ya kaunti ilitiwa lami, na akina mama wajawazito wakaacha kubebwa kwa machela. Nasimiyu, aliyekuwa chuo cha uuguzi wakati huo, alijivuna kimoyomoyo. Kilichomwudhi ni kurudi likizo na kukuta uani kwao kumegeuka uwanja wa hafla. Watu asiowajua walikuwa wameketi kila pembe wakingoja kumwona mheshimiwa, na mama yake akisonga ugali kwa mwiko mrefu kama kasia.

"Nyumba hii si yetu tena," Jerusha alimwambia siku moja, jasho likimtiririka. "Sisi ni wapangaji tu."

Alipohitimu, Nasimiyu aliajiriwa katika hospitali ileile ya kaunti, wadi ya wazazi. Akiingia chumba cha chai, mazungumzo yalikatika kama redio iliyoishiwa betri. Wa kwanza kumsogelea alikuwa Emily, mkunga mwenye mdomo mpana na mikono myepesi, aliyekuwa na mtoto mchanga nyumbani.

"Kama wewe ni shushushu wa babako," Emily alimwambia bila kupepesa, "basi mwambie glavu zimeisha."

Nasimiyu alimwambia. Glavu zililetwa wiki hiyo. Kuanzia hapo wakawa kitu kimoja.

Muhula wa pili haukufanana na wa kwanza. Wauguzi walipungua na hawakujazwa wengine. Wadi ilifurika hadi wazazi wawili wakalala kitanda kimoja, kila mmoja kichwa chake upande wake. Chama cha wauguzi kikaandika barua, kikaomba mkutano, kikazungushwa. Mwishowe kikatangaza mgomo. Nasimiyu alikesha akijigeuza kitandani. Asubuhi alivaa sare yake, akavunja tawi la mti wa Krismasi uani kwa Emily la kupunga katika maandamano, akaingia barabarani pamoja na wenzake. Walipofika karibu na ofisi za kaunti, gari la gavana liliwapita polepole. Kioo kilikuwa kimeshushwa nusu. Baba na mwana walitazamana vizuri kabisa. Gari halikusimama.

Siku ya Madaraka, uwanjani, mbele ya umati na bendi ya shule, gavana alishika kipaza sauti akasema, "Asiyerudi kazini Jumatatu, asirudi tena! Lukhoma ina vijana wengi waliosoma!" Watu walipiga makofi na vigelegele. Nasimiyu aliyasikia makofi hayo kwenye redio, nyumbani kwa Emily, mtoto Shaun akiwa amelala mapajani mwake.

Jioni ilipigwa simu, lakini si na baba. Alikuwa Ronny, kijana aliyemsimamia gavana mambo yake ya siasa. "Sista, wewe usijali. Tutakuhamisha kituo kingine, kimyakimya." Nasimiyu alikata simu kabla hajamaliza.

Jumatatu ikaja ikapita. Walifukuzwa wote, na yeye akiwamo. Jioni moja tu ndiyo walilizungumza hilo na baba yake, mezani, Jerusha akiwa katikati yao na bakuli la mchuzi ambalo hakuna aliyeligusa.

"Gavana hana mtoto kazini," baba alisema. "Ningekubakisha wewe, hao wengine ningewaambia nini?"

"Ungetubakisha sote, Papa."

Mlinzi alichungulia mlangoni kusema gari liko tayari. Baba aliinuka, akafunga kifungo cha koti, akaenda kwenye hafla.

Ndivyo Nasimiyu na Emily walivyofika Qatar. Walifanya mitihani, wakangoja viza, wakapata kazi katika hospitali moja, wakapanga fleti ya vyumba viwili Al Mansoura, juu ya baqala inayouza kila kitu kuanzia mkate hadi kamba ya kuanikia nguo. Emily alimwacha Shaun kwa mama yake. Alisema ni kwa mwaka mmoja. Mwaka ulizaa mwaka.

Katika miaka hiyo gavana aliwahi kupita Doha. Alikuja na msafara kutafuta wawekezaji, wakafikia hoteli moja ya The Pearl, mtaa wa kifahari kando ya bahari, na picha zao zikasambaa kwenye makundi ya WhatsApp: wanaume wa suti wamepanga mstari mbele ya boti nyeupe za matajiri. Jerusha alipiga simu kutoka Lukhoma. "Mwanangu, nenda ukamwone babako. Yuko hapo hapo kwenu." Nasimiyu alijibu kwamba yuko zamu. Hakuwa zamu. Emily alimkuta ameketi ukingoni mwa kitanda, amevaa nguo nzuri, amefunga na viatu. Hakumuuliza kitu. Alipopita tena baada ya kitambo, viatu vilikuwa vimevuliwa na taa imezimwa.

Kisha mihula ikaisha, kama sheria isemavyo, na ofisi ikapata mwenyewe mwingine. Walinzi waliondoka, na uani kukamea nyasi pale magari yalipokuwa yakiegeshwa. "Simu yake hailii," Jerusha alimweleza binti yake. "Anaitazama pale mezani kama mtu anayemtazama kuku aliyekataa kutaga." Alicheka aliposema hivyo, lakini kicheko hakikufika mbali.

Basi ikatokea kwamba seneta wa Lukhoma alifariki, na uchaguzi mdogo ukaitishwa. Wiki mbili baadaye Jerusha alipiga simu tena.

"Papa wako anakuja Doha."

"Na msafara gani?"

"Na begi," alisema mama yake.

Nasimiyu alimwambia Emily siku hiyohiyo, maana fleti ilikuwa yao wote wawili. Emily alikuwa anakata sukuma wiki. Aliendelea kukata mpaka fungu likaisha.

"Ni babako. Aje," alisema. "Lakini usiniambie nimchekee."

Kwenye uwanja wa ndege, Nasimiyu alimtambua kwa mwendo kabla ya uso. Alikuwa akivuta begi lake mwenyewe, na kila baada ya hatua chache aligeuka kidogo upande wa kushoto, kama mtu anayetafuta wa kumpokea mzigo. Shingo yake ilikuwa imekonda ndani ya kola. Walisimama wakiangaliana, wasijue kama ni siku ya kukumbatiana au ya kupeana mikono. Wakapeana mikono.

"Mayi," alisema. Ndivyo alivyomwita tangu utotoni, yaani mama, kwa kuwa Nasimiyu lilikuwa jina la mama aliyemzaa yeye Wafubwa.

"Papa. Karibu."

Alimletea chiswa, kumbikumbi waliokaangwa na kukaushwa na Jerusha, wamefungwa kwenye mkebe wa majani ya chai. Nasimiyu alimpa baba yake chumba chake, yeye akahamia kwa Emily. Asubuhi mzee alitoka amevaa shati lililopigwa pasi, akamkuta Emily anakunywa chai kabla ya kwenda zamu, akamsalimia kwa ile sauti nene ya watu wa majukwaani.

"Binti, hujambo? Kwenu ni wapi?"

"Lukhoma, baba."

"Oho! Ni mtu wetu! Na huko ulikuwa unafanya kazi gani?"

"Uuguzi."

"Hospitali ipi?"

"Kwako," Emily alisema.

Mzee alisimama na kikombe mkononi. Alimtazama binti yake, kisha Emily, kisha kikombe. Emily alichukua mkoba wake, akasema, "Chai iko kwenye chupa," akatoka.

Zamu za wasichana zilikuwa ndefu, kwa hiyo mzee alibaki peke yake mchana kutwa. Siku za mwanzo hakuthubutu kutoka kwa sababu ya joto. Halafu akagundua kibanda cha chai ya karak pale chini, akazoea kuteremka jua likipungua. Hapo ndipo mlinzi mmoja wa jengo la jirani, mtu wa Lukhoma, alipomwona, akasimama kama aliyepigwa na umeme. "Gavana? Hapa Mansoura? Ebo!" Habari hazikukawia. Kesho yake walikuwa watatu, kesho kutwa saba: walinzi, madereva, mpishi wa hoteli. Walimwita mheshimiwa, wakamnunulia karak, wakampiga picha. Nasimiyu akirudi kutoka kazini alimkuta amekaa kwenye kiti cha plastiki, mgongo umenyooka, mikono inaongea. Ndani ya fleti alikuwa mwingine kabisa. Aliosha kikombe chake, akakifuta, kisha akasimama nacho asijue kabati lake ni lipi. Nasimiyu alimwona hivyo siku moja bila yeye kujua.

Simu za Ronny ndizo zilizokuwa nyingi. Mzee alijifungia chumbani, lakini sauti yake haikuzoea kuta nyembamba. "Nimekwambia nitamwuliza... Hapana, bado... Ronny, huyu ni mtoto wangu, si mpiga kura."

Alimwuliza jioni ya siku ya sita au ya saba, Emily akiwa zamu. Nasimiyu alikuwa amesonga ugali, wakala kwa kunde na samaki, wakipitishiana chumvi.

"Mayi, kuna jambo," alisema hatimaye. "Nasimama useneta, na wapinzani wameanza. Wanasema aliyemfukuza mtoto wake kazi atamhurumia nani. Ronny anaona tukipiga video kidogo, mimi na wewe tumeketi hivi, useme tu kwamba tuko sawa, kwamba yale yalipita... basi, watu watatulia."

Nasimiyu aliweka tonge chini. "Ndiyo maana umekuja?"

Mzee hakuharakisha. "Nimekuja kukuona," alisema. "Na hilo pia."

Angesema uongo, Nasimiyu angekasirika, na ingekuwa rahisi. Ukweli ulimwacha hana pa kushika. Alisema atafikiria, akaondoa vyombo.

Usiku, kitandani, alimsimulia Emily. Emily alicheka mpaka kitanda kikatikisika, halafu kicheko kikakatika ghafla.

"Utafanya?"

"Sijui."

"Ukifanya sitakulaumu. Baba ni baba. Lakini ukishasema nyumbani ni sawa, uniambie na mimi, nifungashe."

Ijumaa watu wa Lukhoma walikutana Al Thumama, nyumbani kwa Marvin, kijana wa kompyuta aliyekuwa mwenyekiti wao. Kwa kawaida walikuja watu kumi na kitu, wakala, wakaomba, wakachangia aliyefiwa. Siku hiyo sebule ilijaa hadi watu wakasimama jikoni na kwenye korido, viatu vikarundikana mlangoni. Gavana alikuwa amekuja! Kwamba alishaacha ugavana hakuna aliyejali.

Marvin alimkaribisha aseme neno. Mzee aliinuka, akavuta koti.

"Watu wa Lukhoma mpo?"

"Tupo!"

"Nimezunguka Doha yote sijaona ng'ombe hata mmoja. Nikasema, lo, hapa mimi sina kazi!"

Nyumba ililipuka kwa kicheko. Nasimiyu, aliyesimama karibu na friji, alimwona baba yake akirudi taratibu mbele ya macho yake: yule mtu wa miaka ya kwanza, ambaye watu walimpenda kwa sababu aliongea kama mmoja wao. Alizungumzia majosho na maziwa. Alisema akiwa seneta atawasemea walio ughaibuni, mawakala wanaowalaghai wakione. Walinzi waliitikia kwa sauti. Mmoja akapiga mluzi.

Alipouliza kama kuna mwenye swali, Emily aliinua mkono.

"Mheshimiwa, naitwa Emily. Nilikuwa mkunga katika hospitali ya kaunti. Ile siku uwanjani uliposema tusirudi tena, ulifikiri tungeenda wapi?"

Mzee alitabasamu, tabasamu la mtu aliyevuka mito mingi ya namna hiyo. "Binti yangu, si mmefika pazuri? Naona Doha imewapokea, mmependeza..."

Wachache walicheka. Kicheko kikafa chenyewe, kwa sababu Emily hakuketi.

"Nina mtoto anaitwa Shaun," alisema. Hakupandisha sauti. "Nilimwacha hajaacha kunyonya. Sasa anamwita nyanya yake Mama. Mimi kwenye simu ananiita Anti Emily. Mama yangu amejaribu kumfundisha, amekataa, na si kosa lake, ananijua kwa simu. Sikuletei matusi, baba. Nauliza tu. Ulifikiri tungeenda wapi?"

Nasimiyu aliyajua majibu yote. Aliyasikia kwenye redio miaka ile: bajeti ya kaunti, amri ya mahakama, wagonjwa walioachwa bila wa kuwaangalia. Hata hayakuwa uongo yote. Alimwona baba yake akifungua mdomo kuyatoa. Kisha akaufunga. Alitazama watu, akatazama mikono yake iliyokuwa bado hewani, akaishusha.

"Sikufikiri," alisema. "Watu walikuwa wanapiga makofi. Emily, sina jibu."

Akaketi. Marvin alikohoa, akasema chakula kisipoe. Kwenye kona kijana mmoja alishusha simu aliyokuwa ameiinua muda wote, akaipapasa kwa kidole.

Kabla sahani hazijaoshwa, video ilikuwa imefika Lukhoma.

Ronny alipiga simu asubuhi, na safari hii hakukuwa na haja ya kusikiliza mlangoni. Sauti yake ilijaa fleti nzima. "Mheshimiwa, umejimaliza! Wameitafsiri Kibukusu, wameitilia muziki! Watoto sokoni wanaimba 'sina jibu, sina jibu'! Hiyo video ya binti naitaka leo, leo hii, la sivyo tumekwisha!"

Mzee alikuwa amesimama katikati ya sebule na fulana, simu mbali na sikio. Nasimiyu alimwangalia kutoka jikoni. Alimwona jinsi alivyokuwa mzee, na jinsi alivyokuwa peke yake, na hasira aliyokuwa ameibeba tangu siku ya ile redio haikupata pa kukaa. Alipangusa mikono, akaingia sebuleni.

"Papa, niko tayari. Tupige hiyo video."

Mzee alishusha simu. Sauti ya Ronny ilikuwa bado inabwata ndani ya simu.

"Unataka?"

"Naweza."

"Sikukuuliza kama unaweza."

Nasimiyu aliendelea kupangusa mikono iliyokwisha kukauka.

"Basi acha, Mayi," alisema. "Nilikutumia nilipokufukuza, nisije nikakutumia mara ya pili." Akaweka simu sikioni. "Ronny, hakuna video. Tutaenda hivyohivyo." Akaizima, akaiweka kifudifudi mezani, akauliza kama kuna chai.

Siku yake ya mwisho, Nasimiyu aliomba ruhusa kazini akampeleka matembezi The Pearl. Jua lilikuwa limeshapoa. Walipita mbele ya boti nyeupe na mikahawa yenye viti vya kitambaa, wakiwa wawili tu kati ya watu wenye manukato na watoto wenye baiskeli ndogo. Walipofika mbele ya hoteli fulani, mzee alisimama.

"Hapa ndipo tulipofikia ile safari," alisema. "Mama yako aliniambia anajaribu kukupata. Nikashuka pale chini, kwenye vile viti vya ukumbini, nikangoja. Wawekezaji walikuwa juu wananingoja mimi. Ronny akaja akaniita mara mbili. Mara ya tatu nikapanda."

Nasimiyu alizitazama taa za hoteli ndani ya maji. "Nilikuwa nimeshavaa viatu," alisema.

Baba yake alimshika mkono juu kidogo ya kiwiko, kama alivyokuwa akimvusha barabara alipokuwa mdogo, na hawakuachana hadi kituo cha metro.

Herbert Wafubwa alirudi Lukhoma akasimama, na alishindwa vibaya. Hakushika hata nafasi ya pili. Nasimiyu na Emily walifuata matokeo kwenye simu, wote wawili wakiwa wametoka zamu, miguu imewekwa kwenye beseni la maji. Kila kituo kilichotangazwa kilikuwa kama kilichotangulia. Kwenye mikutano yake ya mwisho, walivyosikia, kila aliposimama palitokea mtu wa kumzomea "sina jibu", naye alijibu vilevile kila mahali: kwamba ni kweli, siku ile hakuwa na jibu, na akatoa hotuba iliyobaki. Ronny alimhama wiki moja kabla ya kura akaenda kwa mpinzani.

"Pole," Emily alimwambia rafiki yake ilipokuwa wazi mambo yamekwisha. Alikausha miguu, kisha akasema tena, safari hii taratibu zaidi, "Pole, Simi. Nasema kweli."

Jerusha alipopiga simu, sauti yake haikuwa ya msiba. Alisema mzee amelala mpaka jua likapanda, jambo ambalo hakuwa amelifanya tangu waoane, kisha ameamka akala viazi vitamu, akatoka kwa miguu bila kusema anakokwenda. Nasimiyu aliingiwa na wasiwasi. Mtu wa umri ule, baada ya aibu kama ile, anaenda wapi kwa miguu?

Jibu halikutoka kwa Jerusha. Lilitoka kwa mama yake Emily, aliyempigia bintiye mchana huo kwa sauti ya kunong'ona, kama mtu aliyejificha nyuma ya nyumba yake mwenyewe.

"Emily! Gavana wako yuko hapa!"

"Yupi, mama? Anafanya nini?"

"Ameketi tu! Amebisha hodi, akasema yeye ni Wafubwa, kana kwamba simjui. Kaniuliza kama wewe ni mwanangu. Nikamwambia ndiyo, na kama amekuja kwa mambo ya kura, zilishapigwa. Akasema anajua. Ameketi pale kwenye kigoda, Shaun anamwonyesha sungura zake. Sasa mimi nifanye nini?"

Emily alimtazama Nasimiyu, ambaye alikuwa amesogea karibu, sikio lake likiwa limegusa la mwenzake. Kwa mbali, ndani ya simu, walimsikia Shaun akieleza jambo kwa bidii, na sauti nene ya mzee ikiuliza sungura yule mweusi anakula nini.

"Mama," Emily alisema, "mpe chai."

"Nimpe chai?"

"Mpe. Kisha mwambie Shaun aje kwenye simu, nimsalimie."

Mama yake aliguna, akasema sawa, na wakamsikia akiita jina la mtoto huku akitafuta sukari.